Uzi Mmoja wa Kusikia

Kila Kwaresima paroko wetu hunikumbusha kusamehe. Namjibu kwamba nimeshasamehe watu wengi: mwizi wa kuku wangu, marehemu mume wangu, hata wale askari wenyewe waliompiga yaya. Yule mmoja ndiye sikumsamehe, wala sina mpango huo, na umri nilio nao si wa kuanza kujifunza mambo mapya. Nilimlipa kwa mkono wangu. Paroko anatikisa kichwa, ananipa baraka yake hivyo hivyo, na mimi narudi nyumbani kuchambua lenga-lenga, mchicha wetu.

Yaya ni kaka yangu mkubwa. Uhuru ulipofika alikuwa fundi wa foni, ile redio ya kuitana kutoka mji hadi mji, katika kampuni moja ya meli na pamba pale Kalundu. Kampuni ilikuwa na kituo bandarini, kingine kwenye ghala la pamba la Nyakabere kule bondeni mwa Ruzizi, na vingine ndani ya meli zake. Wazungu walipofunga masanduku yao, chumba cha foni cha Kalundu kikabaki na watu wawili. Yaya alikuwa shefu, na chini yake alikuwa na msaidizi. Huyo msaidizi ndiye mtu wangu.

Foni ile ilikula umeme wa batri kubwa zilizopangwa sakafuni, na batri zilijazwa na mota iliyokuwa inanguruma nyuma ya nyumba. Kati ya batri na foni kulikuwa na ubao ukutani, na kwenye ubao kulikuwa na fizi. Neno ni la Kifaransa. Wenyewe wana neno refu, sisi tulilikata mkia. Watu wa mashariki wanasema fyuzi. Zetu zilikuwa vijipande vya kauri nyeupe, urefu wa kidole cha mwisho, na kofia ya shaba kila upande. Ndani unapita waya mwembamba ambao macho hayauoni. Umeme ukizidi, waya ule unayeyuka, njia inakatika, na vyote vilivyo nyuma yake vinapona.

"Fizi njo ya kufa ya kwanza," yaya alikuwa akiniambia. "Kama kingine kinakufa mbele yake, haukuchagua fizi, ulichagua musumari."

Mimi nilikuwa nasuka nywele nyumbani kwetu Songo. Fizi za kiwandani zilipoanza kukosekana, yaya aliniletea zile zilizoungua. Alichuna waya wa taa, ule laini wenye nyuzi nyingi za shaba ndani, akanionyesha kung'oa kofia, kupitisha uzi, kuukunja pembeni, kurudisha kofia. Mikono yake ilikuwa imezoea mota, uzi ulimkatikia kila mara na yeye akitukana. Mikononi mwangu kazi ilikaa sawasawa na kugawa nywele za mtoto.

Akanifundisha na kuchagua. Foni ikisikiliza tu inakunywa kidogo, na uzi mmoja wa shaba ile unatosha. Ukibonya kidude cha kusemea, inakunywa mara nne yake, kwa hiyo inataka nyuzi nne. Ukitia sita, fizi haifi tena, na siku nyaya za batri zikigusana, moto utapanda hadi darini huku fizi yako ikiwa nzima inakucheka. Usichague kwa kupenda, alisema. Uliza kwanza mashine inakunywa kiasi gani, halafu uliza waya unaweza kubeba kiasi gani, na fizi uiweke katikati ya hao wawili.

"Uzi moja ya kusikia, ine ya kusema." Nilikuwa naliimba neno hilo nikisuka, na wateja wangu walidhani ni wimbo wa kanisani.

Msaidizi alikuwa akija kwetu pamoja na yaya. Alikula bugali yetu, alinawa kwa maji yetu, na alisikia wimbo huo mpaka akauimba mwenyewe. Hilo mnishikie vizuri, maana kesi yangu yote imekaa hapo. Alijua fizi ni nini, na alijua kama ninavyojua mimi jina la mama yangu.

Kisha ukaja uasi. Waasi walichukua mji, jeshi likaurudisha, waasi wakabaki milimani na upande wa kusini, kule Fizi. Tazameni jinsi neno moja linavyoweza kulemewa. Kwetu fizi ilikuwa kijipande cha kauri. Kwenye ramani Fizi ilikuwa mji walikolala adui za serikali. Na askari walioletwa kwetu walikuwa watu wa Kilingala, Kiswahili chetu walikisikia nusu nusu, lakini Kifaransa cha kazi yao walikijua: wao bunduki waliiita fizi.

Siku moja mchana nilimpelekea yaya chakula, bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kauri nazo zina mwisho wao. Zikiungua mara nyingi zinapasuka, na zake zilikuwa zimepasuka karibu zote. Alikuwa kwenye foni akiongea na mwenzake wa Nyakabere, ambaye bado alikuwa na akiba. Nilimsikia mwenyewe.

"Munitumie fizi kumi. Zangu zilishaungua. Mumupatie dereva wa kamiyo, zifike leo."

Kambini walikuwa na foni yao, na siku hizo walikuwa wakisikiliza kila sauti inayopita. Ndagala hazijapoa, komanda akaingia na askari wake. Walikuwa wamesikia bunduki kumi, kwa lori, leo.

Yaya alicheka. Ndilo kosa alilofanya, kama kucheka ni kosa. Alidhani ni mzaha, akaona ni mzaha mzuri. Askari mmoja akampiga. Akaingiza mkono mfukoni ili atoe fizi awaonyeshe, na ni nani anayeingiza mkono mfukoni mbele ya askari wa wakati ule? Wakamwangusha chini. Mimi nikasema kwa sauti kwamba ni kitu cha foni, kitu kidogo hivi, mimi mwenyewe ninazitengeneza. Nikasukumwa nje pamoja na sahani yangu. Neno la dada ya mshitakiwa ni maji ya kunawa, yanamwagwa tu.

Ndipo komanda akamgeukia msaidizi, aliyekuwa amesimama pembeni amevaa shati safi.

"Weye unatumika hapa. Fizi ni nini?"

Nilikuwa mlangoni, namwona uso mzima. Hakuwa na hofu. Mtu mwenye hofu ningemwelewa. Aliangalia kiti cha yaya, kile cha mbao chenye mto, kilichokuwa mbele ya foni. Alikiangalia vizuri. Halafu akajibu.

"Fizi ni fizi, komanda."

Basi. Hakusema uongo hata chembe. Maneno matatu, na yote ni ya kweli, na kwa hayo yaya akabebwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu wa kwetu alikuwa amekula hadi sahanini mwetu.

Walimrudisha mvua zilipokwisha kuanza, baada ya mtu wa Nyakabere kujitokeza kambini na kumwonyesha fizi zenyewe mkubwa wa zamu, komanda akiwa bondeni. Hawakuomba radhi. Alikuwa anatembea, mikono yake mizima, akili yake nzima. Lakini walikuwa wamempiga kwa viganja viwili, masikio yote mara moja, siku baada ya siku, na masikio yalikuwa yamekufa. Mtu wa foni, kiziwi. Aliniambia kwamba neno la mwisho alilolisikia vizuri duniani, kabla ya mapigo ya masikio kuanza kule kambini, lilikuwa lile la msaidizi wake. Alilisikia, tena alimwona mdomo.

Kiziwi hajui sauti yake inafika wapi. Yaya akawa anasema kwa kelele, na Songo nzima ikawa inajua anataka kula nini na tumbo lake likoje. Watoto walicheka. Yeye alikaa uani akiangalia midomo ya watu, akijifunza kusoma. Mimi nilikuwa nikimwangalia yeye, na kila nilipomwangalia nilikuwa nachochea jiko langu la ndani. Sikulala vizuri, sikula vizuri, nilisuka watu kwa nguvu hadi wakalia.

Msaidizi alikuwa ameshakalia kiti. Sasa aliitwa shefu. Na fizi, kwa sababu fizi hazijali nani amekaa wapi, zikaendelea kuungua.

Akaja kwetu na mfuko wa kauri zilizoungua, zile alizopata Nyakabere. Alikuja mchana, mlango wazi, bila aibu. Aliniamkia, akasema mambo ya siku zile tuyaache, wakati ulikuwa mbaya kwa wote. Kazi njo kazi, dada. Yaya alikuwa uani anamtazama mdomo. Alinyanyuka, akaingia ndani, akafunga pazia.

Nilipokea mfuko. Nilitabasamu, hata. Nikamwambia apite keshokutwa.

Sasa nilikuwa na la kuchagua, na nilichagua kama yaya alivyonifundisha, bila haraka. Jambo la kwanza lililonijia ni nyuzi sita, au nane, fizi isiyokufa, ili siku moja moto umle yeye na mto wake. Usiku nililipenda wazo hilo, asubuhi sikulipenda. Foni ile haikuwa na kosa. Yaya alikuwa akiifuta vumbi kwa shati lake. Na moto hauchagui. Ungeweza kumkuta mtu mwingine kabisa, mfagizi, mpagazi aliyekimbilia mvua pale.

Halafu nikafikiria masikio. Yaya alikuwa na kinywa, hakuwa na masikio. Nikajiuliza huyu nimpe nini kinachofanana na hicho. Jibu lilikuwa kwenye wimbo wangu mwenyewe, niliouimba miaka yote bila kujua kwamba ni silaha. Nikatia uzi mmoja. Katika kila kauri, uzi mmoja tu, nikaukunja vizuri, nikarudisha kofia, nikafuta kwa kitambaa zikang'aa.

Alichomeka ya kwanza. Foni ikaamka, ikasikia vizuri, meli zinaongea, Nyakabere inaongea. Akafurahi. Akabonya kidude aseme, na pa! Kimya. Akachomeka nyingine. Akasikia. Akabonya. Kimya. Hayo sikuyaona mara ya kwanza, nilihadithiwa na wapagazi wa bandarini, nikawaomba wanihadithie tena.

Alikuwa fundi, si mjinga, na ufundi wake ndio uliomfunga. Aliwaza hivi: kama fizi ni mbovu, foni isingesikia. Foni inasikia, kwa hiyo fizi ni nzima, kwa hiyo ugonjwa uko kwenye koo la foni. Wimbo wetu aliujua, lakini tabasamu langu aliliamini, na uzi ukishayeyuka hauhesabiki. Akaifungua foni, akaitandaza mezani kama samaki wa kukaushwa, akaipangusa, akaifunga. Bado. Musumari hakuthubutu kutia, maana kama kweli kooni kulikuwa na nyaya zinazogusana, musumari ungeichoma yote, na foni nyingine haikuwepo. Kila mara alirudi kwangu na kauri zilizokufa, uso umepungua, na kila mara nilimpokea, nikampa pole, nikazijaza upya. Uzi mmoja, uzi mmoja, uzi mmoja. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Ikafika hatua nikawa nazipeleka mwenyewe Kalundu. Nilisingizia naenda kununua ndagala. Nilisimama mlangoni, pale pale niliposukumwa pamoja na sahani yangu, nimwone akibonya. Alikuwa akivuta pumzi kwanza, kama mtu anayeingia maji baridi. Sijui kama kuna raha nyingine iliyofanana na ile. Watoto wangu wakisoma hapa watasema mama ana roho mbaya. Waseme.

Wakati huo jeshi lilikuwa linaitegemea foni ile. Komanda alikuwa akizunguka bondeni na foni yake ndani ya gari, akiita Kalundu kuuliza meli gani imefika, imeleta watu gani. Kalundu ilikuwa inamsikia. Mbaya zaidi, kabla uzi haujayeyuka sauti ilipenya kidogo: "Ka—", halafu hakuna. Kule garini komanda alikuwa akisikia mtu anafungua mdomo na kuufunga. Akaita tena, mdomo ukafunguka, ukafungwa. Mtu asiyekuwepo unaweza kumvumilia. Mtu anayekusikia akanyamaza, wakati wa vita, ana jina lake.

Akaja. Ilikuwa mchana, nilikuwa mlangoni na pakiti mpya mkononi. Alikuwa komanda yule yule, gari lake limejaa matope ya bondeni. Nilimpisha.

Akamuuliza kwa upole, na upole wa watu wale ulikuwa unatisha kuliko kelele, kwa nini anaitwa, anasikia, hajibu.

"Nasikia, komanda. Minye nasikia yote. Kujibu njo inakataa." Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye shingo. "Fizi inakatika. Nimekosa fizi."

Alipolitamka alilisikia mwenyewe. Niliona linamrudia usoni. Askari waliokuwa nje wakasogea mlangoni.

"Fizi," komanda akasema.

Akajieleza, haraka haraka, Kiswahili, Kifaransa, Kilingala cha kuokota, vyote mchanganyiko. Kitu kidogo. Cheupe. Cha umeme. Komanda akasema aliyekuwa hapo kabla naye alitaka fizi, na siku ile aliyeulizwa hakuongea habari za kitu cheupe. Kama alikijua, kwa nini hakukisema? Na kama hakukijua, leo amekijulia wapi? Hilo swali nilikuwa nimelibeba tangu siku ile, na sasa lilikuwa linaulizwa na mwenye bunduki. Macho ya yule bwana yakazunguka chumba kizima, yakanikuta.

"Dada, weye unajua. Weye njo unazitengeneza. Mwambie komanda fizi ni nini."

Komanda akanigeukia. Nilikuwa na pakiti mkononi. Ningeifungua tu, nikaeleza, na mambo yangekwisha hapo. Najua mnachotaka nifanye. Paroko naye anakitaka kila mwaka. Nilimtazama yule bwana kwanza, mpaka nilipohakikisha kwamba ananiangalia mdomo.

"Fizi ni fizi, komanda."

Yule bwana akaninyang'anya pakiti. Akachukua kauri moja, akaing'oa kofia kwa meno ili awaonyeshe, na uzi ukatoka, ukaning'inia kwenye mdomo wake. Mmoja. Aliutoa, akautazama kwenye mwanga wa dirisha, akautafuta wa pili na wa tatu. Kisha akanitazama mimi. Hapo ndipo alipoelewa, miezi yote kwa pamoja.

"Uzi moja," akasema. "Ametia uzi moja. Komanda, ametia uzi moja!"

Komanda akauliza uzi gani. Alieleza. Moja ya kusikia, ine ya kusema, alieleza vizuri kabisa, kama yaya alivyoeleza, na hakuna mtu chumbani aliyemwelewa isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimemaliza kusema. Komanda akasema kauri si jibu la swali lake, wakamshika mikono. Alikuwa bado anaeleza walipompandisha garini.

Hawakumwua. Walimweka kambini mpaka mvua zikakatika, wakamwachia, akavuka kwenda ng'ambo na hakurudi kwenye foni tena. Niliambiwa anafuga mbuzi. Niliambiwa pia kwamba masikio yake ni mazima, na habari hiyo haikunifurahisha.

Lakini siku ile ile ya kukamatwa kwake nilikuwa na shida moja. Kisasi nilikuwa nimekilipa kwa ajili ya yaya, na yaya hajui. Kumwambia nyumbani haikuwezekana. Angepiga kelele, na Songo nzima ingejua kabla jua halijazama. Nikamshika mkono, nikampeleka ufukoni, mbali na akina mama wanaoanika ndagala, mahali mawimbi ya ziwa yanapopiga kwenye mawe. Nikamwonyesha kauri. Nikamchorea kiti hewani kwa mikono. Nikainua kidole kimoja.

"Uzi moja?" akapaza sauti, na mawimbi yakaimeza. Akaangalia kidole changu muda mrefu. Fundi alikuwa bado anapiga hesabu kichwani. "Basi alikuwa anasikia, hawezi kusema."

Nikakubali kwa kichwa, nikamwigizia askari wanavyomshika mikono.

"Na komanda? Alikuuliza? Ukamujibu nini?"

Nikamgeuza anitazame vizuri. Nikasema yale maneno matatu, bila sauti, mdomo tu. Hakuhitaji kujifunza kuyasoma. Alikuwa ameyaona kwenye mdomo wa mtu mwingine. Uso wake ulitulia kama ambavyo sikuwa nimeuona ukitulia tangu siku ya ndagala zile.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akasema tena nirudie, na tena, nami nikarudia polepole mpaka aliposhiba.